Namba Tisa Haijawahi Kuwaka

Saa mbili asubuhi, malori ya mgodini hayajaanza kutimua vumbi, Fidélie Tshibola anapiga hodi kwenye nyumba ya nne ya mzunguko wake katika cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi, Kongo. Haingii kwanza. Anasimama mlangoni, mkono wa kushoto ameuinua mbele ya macho.

“Mama Mbuyu, bonyeza nione!”

Ndani, bibi wa miaka themanini na mmoja anabonyeza kidude kinachoning’inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu. Kifaa kilicho mkononi mwa Fidélie kinatetemeka na namba nne inawaka. Kazi imeanza.

Fidélie, muuguzi msaidizi mwenye miaka arobaini na moja, huvaa saa mbili. Ya kulia inamwambia wakati, ya kushoto inamwambia watu. Mzee akianguka au akizidiwa, anabonyeza, na antena iliyo juu ya paa la Fidélie, inayotumia nguvu ya jua kwa sababu umeme wa hapa una mambo yake, inapeleka namba ya nyumba hadi mkononi mwake. Ana nyumba kumi na nne, na kila moja ina mzee anayeishi peke yake. Parokia ndiyo iliyonunua vifaa, na humpa dola themanini kwa mwezi, ule mwezi ambao parokia yenyewe inazo.

Vifaa havimsumbui. Wanaomsumbua ni wenye navyo.

“Mama Mbuyu anabonyezaka hata mara sita ku siku,” anasema huku akicheka. “Nakimbia, nafika nahema, kumbe anataka kunionyesha picha ya mujukuu.”

Mama Mbuyu hana hata chembe ya aibu. “Batoto yangu ni saba. Nani kati yao, mi nikibonyeza kidogo tu, anakuja?”

Fidélie anampima presha, anamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, anaondoka. Hamkasirikii. Aliyemnyima raha kwa miezi minane ni yule asiyebonyeza kabisa, mwenye nyumba namba tisa.

Stanislas Mwenze, miaka sabini na tisa, aliendesha malori makubwa ya mgodi uitwao Mashamba mpaka kazi zilipokufa. Ana ugonjwa wa sukari. Mara mbili sukari ilimshuka akaanguka, na mara zote mbili Fidélie alimkuta asubuhi iliyofuata, akiwa sakafuni, kidude kipo kifuani, hakijaguswa. Daktari hakuficha: akianguka tena hivyo na asipate msaada ndani ya muda mfupi, hatainuka.

Fidélie alibadilisha betri. Akabadilisha kidude chenyewe. Akamfundisha upya kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mzee aliitikia kwa kichwa, na saa ya kushoto ikabaki kimya.

“Nilifikiri ni kiburi cha kizee,” anasema. “Siku moja nilimukasirikia. Nilimuuliza, tata, juu ya nini haubonyezake? Unataka kunifilia mu mikono?”

Tata Mwenze, yaani Baba Mwenze kama wote wanavyomwita, aligeukia ukuta. Kisha akasema: “Mama yako aliniita mara tatu. Nilimusikia. Nilikuwa nyuma ya mulango. Leo mi nikuite weye na kinywa gani?”

Mwaka 1993 Fidélie alikuwa na miaka tisa. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara haitoki, na hasira za watu zikageuzwa dhidi ya majirani wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, ingawa wengi wao walizaliwa papa hapa. Baba yake, Muamba, fundi mitambo, alikuwa mmoja wao. Nyumba yao na ya Tata Mwenze ziligawana ukuta mmoja na bomba moja la maji.

Mchana mmoja vijana wenye marungu waliingia uani. Mama yake, Ntumba, alikimbilia mlango wa jirani, akaugonga, akaita jina. Haukufunguliwa. Familia ikalala wiki kumi na moja kwenye stesheni ya treni pamoja na mamia ya wengine, wakingoja kupelekwa Kasai. Beya, kitinda mimba wao, alizikwa treni ikiwa bado haijaja.

“Mama alituambiaka kila mara: Tata Mwenze alikuwa ku kazi. Angekuwa pa nyumba, angefungua.” Fidélie anarekebisha mkanda wa saa ya kushoto. “Nilikomaa na ile maneno. Wakati nilirudia Kolwezi, yeye ndiye muntu wa kwanza nilimutafuta. Nilimuamkia sawa baba.”

Siku aliyosikia ukweli alitoka nje bila kuaga. Nyumba tano zilizobaki kwenye mzunguko alizipitia, lakini hakumbuki alichosema. Kesho yake alimtuma mwenzake wa parokia kwenye namba tisa. Keshokutwa pia. Hafichi hilo: alimchukia.

Siku ya tatu alimpigia simu mama yake, anayeishi Mwene-Ditu, kule Kasai. Alitaka kumwambia kwamba walidanganyika miaka yote ile.

Mama Ntumba alimsikiliza mpaka mwisho. “Mi nilijua,” akasema. “Nilimusikia anakohoa.”

“Na ulituficha juu ya nini?”

“Mulikuwa batoto. Sikutaka mukomae na jina la muntu mu meno.” Kisha akauliza kama mzee bado anakohoa vile vile. Fidélie akajibu kwamba anakohoa zaidi. “Basi mupelekee telefone.”

Fidélie alikwenda, akaweka simu kwenye sikio la Tata Mwenze, akageukia dirishani. Alisikia sauti ya mama yake ikitoka kidogo kidogo: “Tata Mwenze, ni mi Ntumba. Ile ya zamani nitaongea na weye siku tutaonana. Lakini mutoto wangu asikukute umekufa. Nilizika mumoja, inatosha. Umuite.”

Mzee alilia kama wanavyolia wanaume waliochelewa kulia, bila kujua mikono aiweke wapi. Fidélie naye alilia, hana haja ya kukana. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimchemshia uji, akarudi kwenye mzunguko wake.

Hayo yalitokea majuma matatu yaliyopita. Leo, saa nane mchana, Fidélie ameketi kwenye baraza lake akieleza mipango. Anataka kumfundisha mtu wa pili, maana siku akiugua yeye hakuna wa kuitwa. Anataka antena ndefu zaidi iwafikie wazee wa upande wa pili wa barabara. Ana orodha ya majina ishirini na mawili, na anayasoma moja moja kwa kidole.

Katikati ya jina la kumi na saba, saa ya kushoto inatetemeka. Anatazama. Daftari linaanguka.

“Tisa,” anasema, na tayari yuko barabarani, kandambili moja imebaki nyuma.

Anamkuta sakafuni kando ya kitanda, jasho limemlowesha shati, midomo imekuwa ya kijivu, dole gumba bado limegandamiza kidude. Fidélie anapiga magoti, anamwinua kichwa, anamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Dakika zinapita. Rangi inarudi usoni, polepole, kisha macho yanamtambua.

“Nimekuita,” anasema Tata Mwenze.

“Nimesikia, tata.”

Anameza kijiko kingine, anapumua, anamshika mkono wa kushoto.

“Pigia mama yako telefone,” anasema. “Umuambie nilikuita.”