Kielelezo cha Mama

Katika chama cha kutetea wanunuzi walimwita Mama Pingamizi, naye, badala ya kuudhika, alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nishani. Alikuwa na shahada ya uzamili ya mawasiliano, miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na kipaji cha kuikasirikia bidhaa yoyote ile: pasi inayorusha cheche, sabuni iliyopunguzwa uzito kimyakimya, birika lenye mfuniko usiofunika. Mumewe alipenda kusema kwamba ameoa idara ya malalamiko, tena isiyofungwa hata sikukuu.

Mwaka ule hasira zake ziliziangukia simu janja. Ilimkera kwamba nyingi hazinasi redio, na kwamba baadhi zina uwezo huo tumboni ila umezimwa. Dhoruba ikiangusha minara, simu ya bei ya ng'ombe hugeuka kioo cha kujitazamia, ilhali tangazo la kuokoa roho linapita hewani juu ya utosi wa mwenye simu! Jambo hili alilihutubia mezani mpaka wali ukapoa. Alilihutubia saluni, kichwa kikiwa ndani ya kikaushio. Na mwishowe akapata alichokuwa akikililia, yaani nafasi ya kulieleza mbele ya kamati inayopanga viwango vya simu zinazoingizwa nchini.

Akaona hoja yake inahitaji kielelezo. Hapo ndipo alipokumbuka simu ya mama yake.

Mama aliishi peke yake bondeni, chini ya daraja la zamani, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Simu yake ilikuwa kitochi cha batani, kimefungwa mpira ili betri isichomoke, na redio yake ilisema kutwa nzima mfukoni mwa gauni, waya wa hedifoni ukining'inia nje kama mkia. Asubuhi ya kikao, Mama Pingamizi alisimamisha gari mlangoni pake.

"Mama, niazime simu yako. Jioni nairudisha."

"Simu yangu ya nini, na wewe unazo mbili?"

"Zangu hazina redio."

"Mtu na elimu yake yote anakwenda dukani kununua simu haina redio!"

"Si ndiyo hayo ninayokwenda kuwaambia wakubwa? Nakuachia hii yangu ya zamani. Ina kamera, ina ramani, ina tochi kali."

"Ina kipindi cha salamu za mchana?"

"Haina, mama."

"Basi weka hapo mezani. Na huo waya usiupoteze, bila waya haisemi. Nakujua wewe. Miavuli yangu yote uliimalizia shuleni."

Wingu zito lilikuwa limetanda upande wa milimani. Mama Pingamizi aliliona vizuri sana. Tena, ukweli usemwe, alilifurahia, kwa kuwa mvua ingeipa hoja yake uzito.

Kamati ilikutania ghorofani, kwenye chumba chenye zulia lililochoka na viti vinavyolia kila mheshimiwa anapogeuka. Mwakilishi wa waagizaji wa simu, kijana aliyebanwa na suti yake, alitangulia kusema.

"Dada yangu hapa ni mtu wa enzi za redio, na tunamheshimu," alisema kwa tabasamu lililopakwa mafuta. "Lakini leo, dharura ikitokea, mwananchi anapata ujumbe mkononi mwake papo hapo. Ngoja niwaonyeshe."

Akabonyeza. Ukutani kikatokea kiduara kinachozunguka. Kikazunguka. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga madirisha kama mtu anayedai kufunguliwa, na waheshimiwa, mmoja baada ya mwingine, wakanyanyua simu zao kuelekea dirishani kutafuta mtandao ambao haukuwapo tena.

"Subira kidogo," alisema kijana.

"Dharura nayo itasubiri?" aliuliza Mama Pingamizi, akasimama. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya kistaarabu. Alikitoa kitochi mkobani kama mtu anayetoa pete ya uchumba, akachomeka waya, akawasha spika. Redio ikakoroma, ikakohoa, kisha sauti ya mtangazaji ikasimama wima katikati ya meza.

"...narudia. Mto umeanza kuvunja kingo. Wakazi wote wa bondeni, hasa wanaoishi chini ya daraja la zamani, waondoke sasa hivi wapande juu. Msisubiri kupigiwa simu, mtandao umekatika."

Hakuna kiti kilicholia. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa akisinzia tangu kikao kilipofunguliwa, alivua miwani.

"Mama, hoja hii nimeielewa," alisema. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Na Mama Pingamizi, msomi wa mawasiliano, akainama kuyapokea. Aliinama vizuri, mkono kifuani, kama alivyofanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Alikuwa bado ameinama wakati maneno "chini ya daraja la zamani" yalipomfikia, yakiwa yamechelewa njiani kwa sababu ya makofi.

"Mama yangu yuko kule," alisema.

"Usihofu," mwenyekiti alimtuliza. "Si umetuonyesha kwamba simu za wazee zina redio? Atakuwa amesikia."

Mama Pingamizi alikitazama kitochi mkononi mwake.

"Redio yake ndiyo hii."

Hakuaga. Alishuka ngazi viatu mkononi, na barabarani aliendesha gari huku akiipiga ile simu aliyomwachia mama, ingawa alijua hakuna mtandao wa kuifikisha sauti yake popote. Akilini alikuwa tayari akijiandikia lalamiko, na kama kawaida yake liliandikwa kwa lugha fasaha: kwamba mlalamikiwa, akiwa na akili zake timamu, aliuchukua uzima wa mzazi wake ili kupata makofi.

Pale njia inapoanza kuteremka bondeni, askari mwenye koti la mvua alikuwa amefunga kamba kukatiza njia. Chini yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakitembea barabarani bila haraka, yamebeba ndoo na mlango wa mtu.

"Hakuna kushuka."

"Mama yangu yuko huko!"

"Tumepita nyumba tulizofika, mama. Nyingine hatukufika. Rudi nyuma."

Mtu ambaye hakuwahi kushindwa hoja hata na kampuni ya umeme aliziacha hoja zote pale. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaanza kuipita chini kwa magoti.

"We mwana! Hebu inuka huko kwenye tope! Unagombana na askari kwa jambo gani?"

Sauti ilitoka juu, kwenye baraza ya nyumba ya shangazi yake, dada wa marehemu baba. Mama alikuwa ameketi pale, kanga begani, kikombe mkononi.

Alipanda mbio, akamwangukia magotini, akalia kwa sauti isiyolingana na shahada yake.

"Umesikia tangazo? Nani alikwambia?"

"Tangazo nimelikuta hapa hapa. Kile kioo chako kilikaa kimya kama mkwe mgeni. Saa ya salamu ikakaribia, nikasema hapana, nitakufa na kihoro. Nikapanda huku. Mimi, niliyeapa sitakanyaga tena kwa wifi yangu!"

"Hata hodi hakumaliza," shangazi alidakia kutoka mlangoni. "'Fungua redio, wifi.' Bila kunisalimia. Nami nikamfungulia, nikamwambia mimi sina kinyongo, mwenye kinyongo ni yeye."

"Unamsikia? Hayo nitayasikia mpaka kaburini, na aliyeniletea ni wewe." Mama akanyoosha kiganja. "Simu yangu."

Akapewa. Akaigeuza, akaipapasa ubavuni.

"Waya uko wapi?"

Mama Pingamizi akatazama mvua.

Maji yalipopungua, waliikuta ile simu ya kamera na ramani imezama kwenye tope la sebuleni, na Mama hakujisumbua kuiinamia. Mtandao uliporudi, Mama Pingamizi alirudi kwenye kamati kuomba waya aliouacha mezani. Alimkuta mwenyekiti ameuchomeka kwenye simu yake mwenyewe, kubwa kama sinia, akibonyeza huku na kule, uso wote ukiwa umekunjamana kwa kutega sikio.

"Haisemi," alilalamika.

"Haina redio, mheshimiwa. Ndiyo hoja yangu."

Mzee aliuchomoa waya taratibu. "Kikao kijacho uje tena. Na kile kielelezo."

Mama Pingamizi alilipeleka ombi hilo kwa mama yake akiwa amelipamba kwa kila heshima anayoijua. Mama, aliyekuwa akianika magodoro, hata hakugeuka.

"Simu yangu haitoki tena bila mimi. Waambie tutakuja wote, na salamu zikianza nitawanyamazisha."

Mama Pingamizi aliwaambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Kikao kikapangwa asubuhi, kabla ya saa ya salamu.