Mlango Mmoja wa Mwibuye

Tuliosafiri tulikuwa watatu. Wa kwanza mimi, Yozefina, mjane wa Daudi Ruhoza wa Busunzu. Wa pili mjukuu wangu Edina, binti wa mwanangu Filimoni, aliyemaliza ualimu Kasulu mwaka jana. Wa tatu Baba Esperansi, Mkongo aliyeoa Kasulu, muuza vitenge sokoni. Yeye ndiye mshenga. Waliotupokea Kitanga walikuwa wawili: Mzee Stefano Bihoma, babu wa kijana Yeremia anayemchumbia Edina, na Nikasi, kitinda mimba wa mzee huyo, yaani baba mdogo wa Yeremia. Yeremia mwenyewe hakuwepo, yuko Kigoma mjini anajenga nyumba za watu. Nimewataja mapema ili mtu asije kuniuliza katikati, "Na huyu naye ni wa nani?"

Sababu ya safari ni neno langu mwenyewe. Mshenga alipokuja kuposa aliniuliza chimbuko la marehemu mume wangu. Watu wake walitoka Mwibuye, maana yake ndani ya jiwe, ule mwamba wa upande wa Kitanga ambao watu wa kale waliishi kwenye mapango ya ubavuni. Watu wa Yeremia nao walitoka hapohapo. Majina yao nilifundishwa na mama mkwe wangu, Bibi Ntahondi, nilipokuwa mwali nyumbani kwake, tukichambua maharage. Alikuwa akinitajia na mimi namjibu, kama mtoto anavyofundishwa sala. Alisema sisi na wale wa Kitanga tulikuwa wa irembo moja. Irembo kwetu Waha ni pale pa kupita kuingia nyumbani kwa mtu. Sasa Baba Esperansi hasikii Kiha, na mimi kwa adabu ya mgeni nikamgeuzia Kiswahili, nikasema, "Sisi na wao ni watu wa mlango mmoja."

Akalibeba hivyohivyo mpaka Kitanga. Wiki ileile Mzee Stefano akasimamisha posa. Kwa Kiswahili, watu wa mlango mmoja ni ukoo mmoja, na ukoo mmoja hauoani. Edina hakula siku mbili. Siku ya tatu alikula, ila mimi hakunisemesha.

Nilipeleka ujumbe kwamba nakuja mwenyewe, na kwamba nataka kupelekwa Mwibuye, ambayo sijawahi kuiona kwa macho.

Saa kumi na mbili asubuhi tulisimama barabarani Busunzu. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba na baridi ilikuwa ya kufunga kitenge mara mbili. Gari lilikuja limejaa magunia ya muhogo, tukakaa mbele ya magunia. Edina alikaa dirishani akaangalia nje. Pale Makere watu wengi walishuka na wengine wengi wakapanda, wakiwa na ndoo za mawese. Mama mmoja alimwuliza Edina kama anakwenda kazini. Edina akajibu, "Nampeleka bibi akaangalie neno lake."

Nilisikia. Na ni kweli.

Saa nne tulifika Kasulu. Baba Esperansi alitungoja stendi na viatu vyake vya ngozi na shati la kitenge. Nikamwambia viatu hivyo si vya mwamba. Akasema mshenga haendi kwa wakwe na kandambili. Halafu, kabla sijamwuliza, akaanza kujitetea:

"Mama, si miye nilisemaka. Ni weye. Miye nilibeba tu."

"Nani amekulaumu, Baba Esperansi?"

"Mutoto huyu ananiangalia mubaya."

"Na mimi ananiangalia hivyohivyo. Panda pikipiki."

Tulichukua bodaboda mbili. Barabara ya Kitanga ni ya udongo mwekundu, inapanda na kushuka, na kila ukipanda unaona vilima vingine mbele. Kina mama walikuwa wanapalilia maharage. Kulikuwa na harufu ya muhogo uliovundikwa. Mara mbili tulishuka tukatembea kwa sababu pikipiki ilikuwa inateleza.

Saa nane mchana tulifika kwa Mzee Stefano. Alikuwa ameketi barazani na fimbo yake. Nilipiga magoti, nikapiga makofi, naye akapiga, tukaulizana habari za watu, za mashamba na za mvua mpaka zikaisha, ndivyo kwetu. Baba Esperansi alisimama tu na viatu vyake. Tukapewa ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka. Baada ya kunawa mikono mzee akasema:

"Mama Filimoni, umekuja kukanusha ulichosema?"

"Sikanushi. Nimekuja kukionyesha."

"Umeambiwa Mwibuye ni ya kupanda kwa mikono?"

"Nimeambiwa, mzee. Na wewe?"

"Mimi nilizaliwa chini yake," akasema. "Kesho tutaona nani atamvuta nani."

Tukalala hapo, mimi na Edina chumba kimoja.

Asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande, Nikasi alitutangulia. Ni mwendo wa saa nzima, kwanza mashamba, halafu nyasi, halafu msitu mdogo. Mwamba unauona ghafla. Ni ukuta mweusi wenye michirizi myeupe ya maji, na katikati ya ukuta kuna matundu makubwa yamejipanga kama vibaraza. Mtu wa chini hawezi kuyafikia. Wa juu naye hawezi, kwa sababu mwamba umejitokeza kama ukingo wa paa.

"Wanapitia wapi?" Edina akauliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Nikasi akatuonyesha ufa. Ni mpasuko wa jiwe unaopanda kwa mshazari, mwembamba, unapita ubavu ubavu huku umeshika jiwe. Pande zote mbili limelainika kama kinu kwa sababu ya mabega ya watu. Nikasi akasema, "Hili ndilo irembo. Hakuna lingine. Adui akija, mzee mmoja mwenye mkuki anatosha hapa."

Nikamgeukia Mzee Stefano. Akaingia na fimbo yake. Mimi nikafuata, Edina akinishika kiuno kwa nyuma. Baba Esperansi alikuwa wa mwisho, na hapo katikati tumbo likakwama.

"Mama! Mulango gani hii? Hata mbuzi haipite!"

"Si ndio mlango ulioubeba mpaka Kitanga?" Nikasi akamwambia. "Leo na wenyewe ukubebe wewe."

Edina alicheka. Ilibidi Nikasi arudi amvue shati na viatu, ndipo akapita.

Ufa unapoishia kuna pango la kwanza, lile la chini, pana kama kanisa dogo. Nikasi huwapeleka hapo wageni, hata waliosoma sana, akatueleza alivyosikia kwao. Akatuonyesha vipande vya mawe meupe vilivyochongwa vikawa vikali, akasema ni visu vya watu walioishi humo kabla ya chuma. Akatuonyesha mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, na vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia moto, akasema hao walikuwa wahunzi, waliokuja nyuma ya wale, zamani za wami, wafalme wetu, wale wa kwanza. Wetu ni wa mwisho, walioingia kujificha wakati watu walipokuwa wakitekwa, wakakuta nyumba tayari. Jiweni kuna mashimo ya kusagia, na hakuna ajuaye kama yalichimbwa na wa kwanza, wa pili au wa tatu. Niliingiza mkono kwenye shimo moja. Lilikuwa la kina cha kiwiko. Kila aliyekuja alisaga palepale.

Kwenye kona palikuwa na mafiga matatu na ukuta mweusi kwa moshi. Kutoka hapo zinapanda ngazi zilizochongwa, kama hatua ishirini, mpaka pango la juu. Huko nako kuna mafiga matatu na moshi wake.

Nikasema, "Mzee, irembo ni moja, umelipita mwenyewe. Lakini meko ni mawili. Wasiooana ni wa iziko moja, yaani jiko moja, wanaokula chungu kimoja. Mimi nilikosea Kiswahili, sikukosea majina."

Mzee Stefano alikaa kwenye jiwe apumue. Akasema, "Meko mawili si koo mbili. Mwanaume mwenye wake wawili ana meko mawili."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Edina alishika mkono wangu.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Nikasema majina. "Mume wangu Daudi Ruhoza ni wa Kagoma. Kagoma ni wa uzao wa Nzigo, aliyekaa hapa juu. Mke wa Nzigo aliitwa Bukuru, alitoka chini."

"Nani?"

"Bukuru."

Ninyi wa kwetu mnajua, ila kwa mgeni nitasema: pacha wakizaliwa, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Haijalishi ni wa kike au wa kiume.

Mzee Stefano akasema taratibu, "Baba yangu Muhama ni wa uzao wa Butoyi. Butoyi alikaa hapa chini. Nilimwuliza baba, Bukuru wake yuko wapi? Akasema labda alikufa mchanga. Hakuna aliyejua."

"Hakufa," nikasema. "Alipanda ngazi."

 Nikasi akadakia. "Bibi, sasa umetumaliza. Umekuja kuvunja undugu, umeuongeza!"

"Nyamaza wewe," baba yake akamwambia. Alizitazama zile ngazi muda mrefu. "Kama Bukuru alitoka hapa akaolewa pale, basi waliokuwa wanaishi humu hawakujihesabu iziko moja. Wao walijua kuliko mimi. Na undugu wa Bukuru umepita kwa mwanamke, vizazi vingi. Umepoa."

"Kwa hiyo?" Baba Esperansi akauliza, kifua wazi, shati mkononi.

"Kwa hiyo vaa shati, mshenga. Huwezi kupewa jibu la posa ukiwa uchi."

Akavaa. Akapewa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Edina alikwenda kusimama peke yake kwenye ngazi, akashuka, akapanda, akashuka tena.

Siku iliyofuata tulirudi. Kasulu Edina alininunulia chai na chapati. Kwenye gari alikaa karibu yangu, si dirishani. Tulipopita Makere akaniuliza, "Bibi, kweli una uhakika?"

"Jina nina uhakika."

Hakuuliza zaidi. Lakini mimi tangu hapo nimejiuliza. Nilichojifunza ni kwamba neno likihamishwa lugha huenda likafika na mzigo ambao hukuufunga wewe. Na kuna jingine. Mama mkwe aliniambia Bukuru "alitoka chini". Nikiwa nimesimama pango la juu, chini ilikuwa palepale miguuni pangu, nikasema bila kusita. Lakini sisi watu wa vilima tunaposema chini, mara nyingi tunataja bondeni, kule kwenye mto Malagarasi. Bibi Ntahondi alikuwa ameshika ungo, hakunyoosha kidole, na mimi sikumwuliza. Na akina Bukuru ni wengi. Kila palipozaliwa pacha, yupo mmoja. Kama wetu alitoka bondeni, basi hakuna aliyepanda ngazi zile kuolewa, na ndiyo ya mzee haina pa kusimama.

Harusi imepangwa baada ya kuvuna maharage. Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi wa bondeni: kama kwenu kuna Butoyi wa zamani ambaye Bukuru wake alikwenda milimani kuolewa na mtu aliyeitwa Nzigo, nimekosea, njooni mnisahihishe. Njooni kwangu kwanza, msiende Kitanga. Na mnisemeshe kwa Kiha.