Herufi ya Tano

Kabla hujacheka, jua kwamba karatasi ninazo. Kurasa tatu zenye matundu pembeni, zilizochapwa mchana wa Ijumaa kule Magomeni, Kilosa, saa ambayo mtaa mzima haukuwa na umeme. Nimesoma chuo kikuu, nikafundishwa kutilia shaka kila kitu, na kwa miaka mingi nimekuwa hodari wa kutilia shaka mambo yaliyowapata wengine. Hili lilinipata mimi, nikiwa macho, nimeshiba wali. Niamini.

Mama mkubwa, yaani dada yake marehemu mama, alinipigia simu nikiwa nyumbani Mikumi. Maji ya mvua yalikuwa yamefurika kwenye makaburi ya ukoo wetu kule Mvumi na kubeba alama zote. Jumamosi ndugu wangekutana kusafisha na kusimika vibao vipya. Sasa nani kalala wapi? Jibu lilikuwa mahali pamoja tu, katika kompyuta kuukuu ya marehemu mume wake, ndani ya programu ya kuandikia ambayo mashine za siku hizi haziielewi. Nilishawahi kuihamishia orodha ile kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ikanionyesha vijisanduku vitupu ukurasa mzima.

Ningeweza kuifungua palepale, nikaichapa, nikarudi zangu Mikumi. Kazi ya dakika kumi. Lakini mama mkubwa alitaka awe anaifungua mwenyewe, maana kila anapozikwa mtu jina huongezwa, na maneno ya Kiingereza pale juu kwenye menyu yalikuwa yanamchanganya.

"Yananidharau ndani ya nyumba yangu," alisema. "Na wewe profesa si unajua kila kitu?"

Mimi si profesa. Ananikejeli tu, lakini jina hilo hunipanda kichwani kila mara. Nikamwambia nitayageuza yawe Kiswahili. Akachukua mwavuli, akaenda sokoni, akaniacha na mashine.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu ndimo balaa lilimoingilia. Programu za zamani unaweza kuzipasua ukaona matumbo yake. Kushoto unaona namba, kulia herufi, nyingi zisizo na maana, na katikati ya uchafu ule unakutana na neno zima limekaa kwa utulivu: File. Edit. Print. Unaandika lako juu yake. Sharti ni moja tu, neno lako lisizidi nafasi ya lile la zamani. Print ina herufi tano, na "Chapa" ina tano. Close ikawa "Funga". Save ikawa "Weka", Exit ikawa "Toka". Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Kiswahili kilikuwa kinaingia mle kama mguu kwenye kiatu chake.

Kisha nikafika kwenye File. Herufi nne. "Faili" ina tano.

Mtu mwenye busara angetafuta neno jingine. Mtu mwenye busara angekuwa pia ametunza nakala ya programu kabla ya kuigusa. Mimi nilijiambia, herufi moja tu itamdhuru nani? Nikaandika Faili, ile "i" ikakanyaga kitu fulani kilichokuwa baada ya neno, sikukitazama hata kilikuwa nini. Nikahifadhi, nikafungua programu.

Haikufunguka. Nikajaribu tena, na tena. Kioo kilibaki cheusi, na kijistari kinapepesa. Kesho yake watu wangesimama Mvumi na vibao mikononi, kila mmoja akimwombea dua mzazi wa mwenzake, na sababu ingekuwa herufi yangu moja. Jasho lilinitoka. Nilidhani joto limezidi, kumbe feni lilikuwa limesimama.

Ndipo nikasikia mlangoni, "Hodi."

Mara moja tu. Wewe umelelewa na watu, unajua hodi ya mara moja haijibiwi kabla hujaona uso. Mimi nilijibu karibu bila hata kugeuka.

Akaingia mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nje mvua inamwagika, viatu vyake vikavu. Mimi nina mvi, yeye alikuwa wa kuniamkia. Hakuniamkia. Alisimama akanisubiri, na sijui kilichonisukuma, nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema, bila hata kutabasamu.

Nikamdhania fundi aliyeitwa na mama mkubwa. Nikampa kiti, hakukaa. Aliinama nyuma ya bega langu, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka, kwa sababu sikusikia pumzi.

"Umezidisha herufi," alisema. "Pale ulipoweka ya tano palikuwa na sifuri ya kufungia neno. Irudishe. Halafu usiandike Faili, andika Kazi."

Kazi! Herufi nne, na maana inakaa. Nikarudisha sifuri, nikaandika Kazi. Nikamwuliza na Help je, maana "Msaada" haliingii hata kwa kukunjwa.

"Andika Hodi. Akikwama abishe."

Nikaandika, nikahifadhi, programu ikafunguka. Ah, ndugu msomaji, laiti ungeona. Menyu nzima kwa Kiswahili, Kazi mwanzoni na Hodi mwishoni. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa keshafika mlangoni, nami nikamwuliza nimwambie mama mkubwa nani alikuja.

"Sefu," akasema. "Herufi nne, nafasi inatosha."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa mafundi. Nilikuwa nacheka bado mama mkubwa alipoingia amelowa, akasimama katikati ya chumba.

"Hiyo inawaka na nini?" akauliza. "Umeme umekatika tangu natoka hapa. Soko zima kiza."

Nikatazama feni. Nikalisikiliza friji, kimya. Kompyuta ile haina betri, na printa haina betri. Je, ungekimbia? Mimi nilibonyeza Kazi, nikafungua orodha, nikabonyeza Chapa. Ile printa ya zamani ikaanza kupiga kelele kama cherehani, karatasi zikatoka moja baada ya nyingine, na mstari wa mwisho ulipokwisha kila kitu kikazimika kwa pamoja.

Tulizisomea dirishani. Majina ishirini na mawili, kila moja na mahali pake. Namba ishirini na tatu haikuwa na jina, ilikuwa na nukta nne tu. Nikamweleza aliyekuja na alivyosema. Mama mkubwa akakaa chini na nguo zake mbichi.

Sefu, alinieleza, alikuwa karani aliyepanga chumba chao cha uani. Kompyuta ilikuwa yake. Ndiye aliyemfundisha mumewe kuandika orodha ile. Alipofariki hakupatikana ndugu, wakamzika Mvumi pamoja na watu wetu, lakini ukoo ukakataa asiandikwe, kwa kuwa si damu yetu. Mumewe hakubishana nao. Aliweka nukta.

"Na aliyekataa kwa sauti kuliko wote," alisema, "ni mimi."

Jumamosi tulisimika vibao ishirini na vitatu. Mjomba mmoja akauliza huyu Sefu ni wa nani. Mama mkubwa akamjibu, "Wa kwetu. Shika jembe."

Tangu hapo yeye huifungua orodha bila kuniita. Akikwama hubonyeza Hodi. Kidirisha kinachotokea ni kitupu, nimekiona kwa macho yangu, lakini yeye husema karibu, huweka vikombe viwili vya chai mezani, na hajapata kukwama kwa zaidi ya dakika mbili. Mimi sijawahi kulibonyeza neno hilo na sitalibonyeza. Nikiwa kwangu Mikumi, mtu akibisha mara moja, natoka kwa mlango wa nyuma nikamchungulie kwanza.

Nawe utakapoanza kupekua matumbo ya programu yoyote, tunza nakala, na uhesabu herufi zako. Zaidi ya yote, ukikuta nukta au sifuri inayoonekana haina kazi, usiikanyage. Uliza kwanza inamshikia nani nafasi.