Tumeharakisha kazi, wamemfukuza Spesioza

Jamani, leo nimekasirika sana hapa ofisini Gitega.

Mimi na Spesioza, dada wa Muyinga niliyerudi naye kutoka Tanzania, tumebadilisha faili zote zinazoiambia kompyuta namna ya kujenga programu yetu.
Zamani ukigusa mstari mmoja wa programu, ilikuwa inajenga kila kitu upya. Nusu saa nzima!
Sasa inajenga kilichoguswa tu. Dakika moja, basi.

Leo shefu, bosi wetu, akatuita. Nikadhani ni pongezi.
"Kwa vile kazi inaenda mbio, mtu mmoja anatosha. Spesioza, rudi kwenu Muyinga."
Nikamwambia, "Shefu, faili nyingi kabadilisha yeye!"
"Uamuzi umeshapita, mama."

Spesioza amekusanya vitu vyake.
Nami nimeandika barua ya kuacha kazi.
Niambieni ukweli: nimekosea?