Bawa Nililolivisha Kabla ya Mkaguzi

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Ni siku aliyokuja mkaguzi hapa Kilindoni kuitazama ndege aliyoiunda mume wangu kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mimba yangu ya kwanza ina miezi mitano, nimefumba mdomo juu ya jambo ambalo lingemuua mume wangu. Nakusimulia kwa sababu nawe sasa umeanza kushika kazi za watu, na kazi za watu zina mambo.

Mume wangu Shaweji, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine katika shamba la minazi. Miaka ile ya Ujamaa vipuri vilikuwa adimu, na mtu aliyeweza kuifufua injini iliyokufa aliheshimiwa kama mganga. Yeye aliifufua injini ya gari dogo lililotupwa, lakini hakuirudisha garini. Alikuwa na michoro aliyoiagiza Ulaya kwa posta, akaniambia injini ile ataitia kwenye ndege, maana alitaka kuiona Mafia yote kwa mara moja, kuanzia Ras Mkumbi hadi Ras Kisimani. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Hakukasirika. Baada ya miaka mitatu ndege ikawa imesimama kweli katika banda la zamani la kukaushia nazi za mbata, mwili wa mbao, kiti kimoja, na mabawa ambayo bado hayajavishwa nguo.

Lakini ndege si baiskeli, hairuki bila namba. Shaweji aliandika barua Dar es Salaam kuomba isajiliwe. Ikaja fomu. Penye jina la kiwanda akaandika jina lake. Fomu ikarudi: andika jina la kiwanda. Akajibu kwamba kiwanda ni yeye, na kama wanataka wakurugenzi, basi waandike mama yake na mkewe. Katibu wa tawi la chama naye akauliza ndege ya kiti kimoja ina ujamaa gani. Shaweji akamwambia, "Ndugu Katibu, mbona hata baiskeli yako ina kiti kimoja?" Watu wakaangua kicheko, katibu mwenyewe akacheka, akagonga muhuri barua ya kumtambulisha. Mwaka mzima ulipita kwa barua za namna hiyo.

Mwisho ikaja barua kwamba mkaguzi atafika, na kwamba mabawa yaachwe wazi ili azione mbavu zake za ndani. Shaweji alitusomea, kisha akaitwa Ras Mkumbi kutengeneza pampu ya maji, akakaa huko siku nne.

Hapo ndipo mama mkwe wangu, Bi Hadia, aliponiita. Unatujua sisi: ukiwa na jamvi lililotoboka, unalikunja kabla mgeni hajabisha hodi. "Mkubwa anatoka Dar aje aone mifupa mitupu?" alisema. "Watasema mwanangu hana mke. Livishe hata bawa moja, Zaina, tupate sitara." Sitara ni neno kubwa kwetu, mwanangu, kasoro za nyumba hatuwaanikii wageni. Nikatoa kitambaa cha marekani kilichowekwa kwa kazi hiyo, nikaketi na sindano yangu kwenye bawa la kushoto.

Siku ya pili nikafika kwenye ubavu wa tatu kutoka nchani. Pale mbao mbili zilipounganishwa kwa gundi, pakacheza chini ya kidole changu. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele. Sababu niliijua papo hapo. Masika yaliyotangulia banda lilivuja, nami kwa huruma yangu nikazitoa mbao za bawa hili sakafuni nikazilaza juu ya chanja za kuanikia mbata. Chanja zile zilikuwa zimelowa mafuta ya nazi miaka nenda miaka rudi, na mbao zikayanywa. Gundi gani itashika penye mafuta?

Ningeweza kusema. Lakini niseme nini, kwamba kazi ya miaka mitatu nimeiharibu mimi? Nikazungushia uzi pale mara nyingi, kama mtu anayekaza mpini wa jembe, nikavuta nguo juu yake, nikashona. Nikajiambia uzi utashika. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua, nahisi walikuwa wananitazama mimi.

Shaweji aliporudi alisimama mlangoni, kashika kiuno. "Zaina, barua ilisemaje?" Kisha akapitisha kiganja juu ya mshono, na mshono ulikuwa mzuri, sitajinyima sifa yangu. Uso ukamlegea. Hakuwa na moyo wa kuichana kazi ya mkewe. Akasema bawa la kulia liko wazi, huenda mkaguzi akatosheka na hilo. Ile ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema, nayo nikaimeza.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi na miwani, mtu wa bara, mpole wa maneno. Tulimpa shikamoo, akatuitikia marahaba kila mmoja kwa zamu yake, akavua koti, akaanza kazi. Bawa lililo wazi alilipitia ubavu mmoja mmoja, anagonga kwa ukucha, anatega sikio, asubuhi nzima. Kisha akaligeukia la kushoto.

"Hili nani kalivisha?"

"Mke wangu," alisema Shaweji, kidevu juu.

"Mshono mzuri sana. Ndiyo maana unanitia hofu. Barua yetu haikuwa ya mapambo, bwana."

Akatoa kisu kidogo, akapasua nguo karibu na mwili wa ndege, akamulika kwa tochi. Pale gundi ilikuwa imara. Akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye benchi, akatandaza karatasi zake magotini. Bi Hadia akamletea chai na vitumbua.

"Nikishaipata ruhusa hiyo, mzee wangu, naweza kuruka lini?" Shaweji aliuliza.

"Kama bawa hili limefanana na lile, mkimaliza kulivisha lile, hata wiki ijayo," alijibu mkaguzi, akafungua kalamu.

Wiki ijayo! Nilimtazama Shaweji, kitumbua mkononi, mtu mzima anafurahi kama siku ya Idi, nikaona namtazama maiti. Nikasimama. Bi Hadia akaishika kanga yangu kunivuta chini, maana kwetu mke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni. Nikamwachia kanga mkononi, nikaenda mpaka kwenye bawa.

"Mzee, pasua na hapa," nikasema. "Ubavu wa tatu. Nimeuona umeachana, nikaufunika. Kosa ni langu."

Mkaguzi aliweka kikombe chini, akaja, akapasua nguo, akakata uzi wangu. Akavuta kwa vidole viwili tu, na ule ubavu ukatoka taratibu kama jino la mtoto. Akaunusa. "Mafuta ya nazi," alisema. Akapasua kwingine, na kwingine. Mbavu saba zilikuwa hivyo hivyo.

Shaweji aliketi sakafuni na ule ubao mapajani. Mimi nilisubiri talaka, mwanangu, sikuona kingine ninachostahili. Akaninyanyulia macho. "Ungenyamaza mpaka nipande?"

"Sijui," nilimjibu, na huo ndio uliokuwa ukweli.

Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akaniomba maji ya kunywa. Nilipompa yale maji nikamwona anameza, yu hai, ana kiu, mzigo wote ukanitoka mabegani. Nilijikuta nami nalia kwa furaha. Sijapata kushusha pumzi namna ile tena, hata nilipojifungua.

Mkaguzi alituacha tukalia. Kisha akanigeukia, wala hakupaza sauti. "Binti yangu, kukifunika kitanda kisichotandikwa ni heshima. Kuufunika ufa wa kitu atakachopanda mtu si heshima. Mimi niliwahi kuisainia ndege iruke kwa kuiamini rangi yake ya nje. Mjane wa rubani yule bado ananisalimia kwa adabu kila tukionana, na salamu yake inanishinda kuitikia." Akaandika kwenye fomu kwamba ndege haijakamilika, akaomba kitumbua kingine.

Bi Hadia alikuwa bado kaishika kanga yangu. Akainuka, akaenda kuchukua mkasi, akaanza mwenyewe kuikata ile marekani tangu nchani. "Mficha uchi hazai," alisema. "Nami nilikufundisha kuficha. Shika upande huo, tumalize."

Ilituchukua miezi minane kuliunda upya bawa lile. Chanja tulizitia jikoni, zikawaka vizuri sana. Mkaguzi aliporudi aliyakuta mabawa yote mawili wazi, akatukagua mpaka tukachoka, akatoa ruhusa ya kuvisha, na baadaye namba ikaja. Niliiandika mimi kwa brashi ubavuni mwa ndege. Siku ya kuruka nusu ya Kilindoni ilikuwa uwanjani. Shaweji akazunguka angani mara tatu, akarudi, magurudumu yakagusa ardhi, na neno lake la kwanza aliposhuka likawa, "Zaina, kumbe kisiwa chetu ni kidogo hivi!" Nilitaka kumpiga.

Aliruka miaka kadhaa, mpaka petroli ilipokuwa shida, akaacha. Alikufa mzee, kitandani mwake, watoto wake wamemzunguka. Miaka yote nilimwona akizeeka, anasahau miwani, analalamikia magoti, anabishana nami juu ya chumvi ya mchuzi, nami kila mara nilisema moyoni alhamdulillahi.

Basi, mwanangu, lishike hili. Sitara ni kwa aibu, si kwa hatari. Mwenzio akiteleza kwa jambo la kumchekesha jirani, mfunike kwa nguo yako hata ukibaki na baridi. Lakini ukiuona ufa mahali mtu atakapokanyaga, useme, hata kama umeufanya wewe, hata kama wakubwa wanakuvuta nguo. Na kama umechelewa kusema, usijidanganye kwamba muda umepita, maana mimi nilisema kalamu imeshafunguliwa na bado nilisikilizwa. Wala usimchukie anayekuja kupasua kazi yako nzuri ili aone ndani. Mkaribishe, mpe chai, na umuonyeshe pa kupasua.

Mungu akupe mdomo mzito kwa siri za watu na mwepesi kwa yanayowaua. Akujaalie waja wake wakuamini, na unaowapenda wazeeke mbele ya macho yako mpaka wakuchoshe kwa ubishi. Amina.