Chupa Mbili za Marashi

Mpaka leo nikisikia mlango wa friji unafunguliwa hugeuka kutazama kinachotolewa, na naisimulia aibu hii kwa sababu mji wetu mzima wa Ibra, hapa Omani, wameshaihadithia bila ya mimi, basi afadhali muisikie kwangu.

Nilisoma uhandisi Japani, na huko, kwa kuogopa nyama isiyo halali (naogopa mengi, mnanijua), nikajifunza kupika vyakula vyao vyepesi vya samaki na mboga. Niliporudi sikupata kazi, na Bibi nikamkuta kitandani, ana presha, pilau hataki, mchuzi hataki, kila kijiko anakisukuma. Siku moja nikampikia supu ya Kijapani: unachemsha mwani mkavu na samaki mkavu, unachuja, unatia rojo la soya, kidogo tu kwa ajili ya ile presha. Akamaliza bakuli. Tangu hapo akawa hali ila kwa mkono wangu, nami nikaona angalau nyumba hii ina faida nami.

Ijumaa ile jamaa walikuwa wanakuja kumsomea Yasini. Nikachuja maji ya supu mapema, na kwa kuwa majagi yote yalikuwa na sharubati ya wageni, nikayatia kwenye chupa tupu ya marashi ya Jabal Akhdar, yale maji ya mawaridi ya kutia kwenye vyakula (nyumba gani kwetu haina chupa hizo?), nikaiweka kwenye friji, nikaenda kusali. Niliporudi, Shangazi Zuwena alikuwa ameshafika, na sikujua kuwa amemletea Bibi kombe, zile aya ambazo maalim huziandika kwa zafarani kwenye sahani akazikosha kwa maji na marashi ili mgonjwa anywe, wala sikujua kuwa na yeye kalitia kwenye chupa ya marashi, akaliweka mbele ya yangu.

Nikachukua chupa ya mbele. Rangi ile ile ya manjano. Nikamimina kwenye sufuria, ikanuka marashi, nikafikiri, nikafikiri tena, nikajiambia chupa sikuikosha vizuri na Bibi ataikataa supu, basi nikamwaga ya sufuriani kwenye sinki, nikamwaga na yaliyobaki chupani, nikafungulia bomba mpaka pakatakata. (Usafi wangu huo!) Nikainama kabatini kutafuta mwani nipike upya, nikamsikia Shangazi anafungua friji, sikugeuka.

Chumbani akamnywesha Bibi kwanza, kisha akawagawia wengine kwenye vikombe vya kahawa, kwa baraka. Bibi akasema bismillahi, akameza, akakunja uso.

"Zuwena, mbona kombe lako lina shombo?"

Ami Seif naye akaonja. "Maalim wako kaandikia mkia wa papa?"

Watu wakacheka, nami nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Nikasema, "Ami, hiyo supu yangu." Wakazidi kucheka, na Bibi pia, ambaye hatukumsikia akicheka siku nyingi.

"Haya, mpishi wa Japani," akasema Shangazi, "lete kombe letu."

Nikaugeuzageuza upawa mkononi.

"Liko wapi, Salum?"

"Nimelimwaga, Shangazi. Nilidhani..."

"Umelimwaga wapi?"

"Kwenye sinki."

Hakuna aliyecheka tena. Ami Seif akaweka kikombe chini. Nyumba yetu kila mtu anaijua, maji ya jikoni yanaingia shimo moja na ya choo.

"Maneno ya Mwenyezi Mungu, baba?" Bibi akaniuliza, kwa sauti ndogo sana. "Umeyapeleka kule?"

Wageni wakaanza kutafuta abaya zao, sharubati ikabaki. Nikambusu Bibi mikono, nikalia mbele yao wote, mtu mzima na shahada yangu.

"Nimekusamehe, baba. Hukukusudia."

Kesho yake nikampelekea supu. Akasema ameshiba, na alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Siku ya pili akasema hivyo hivyo. Sasa Mama anamlisha uji, vijiko viwili vitatu, na mwili unazidi kupungua.

Nimeapa: chupa haiingii friji bila ya jina lake juu, na simwagi kitu, hata maji, mpaka niulize nyumba nzima. Supu bado naipika kila siku. Inarudi jikoni kama ilivyokwenda, nami naila mwenyewe, nimesimama, mpaka iishe, maana kuimwaga kwenye sinki lile siwezi.