Nilitumwa Kuuangalia Mpira wa Australia

Niseme mapema kwamba mpira siujui. Mimi ni muuguzi, na mpira nilioujua ni ule wa Jumapili jioni, vijana wanapoletwa wodini wakichechemea huku kila mmoja anaapa kuwa refa alinunuliwa. Lakini mwaka ule nilichaguliwa kwenda Australia, katika mji wa Melbourne, kusomea kwa wiki chache uuguzi wa wagonjwa wa UKIMWI. Habari ilipofika kwetu Ijumbi, ukoo ukaniongezea kazi ya pili.

Kazi hiyo ilimhusu Mujuni, mtoto wa kaka yangu. Wakati wa vita, ndege zilipoanza kudondosha mabomu Bukoba, ni mimi niliyemshika mkono tukakimbia kutoka nyumbani kwangu mtaa wa Nshambya hadi kijijini, yeye akilia kwa sababu tulisahau mpira wake wa majani ya migomba. Vita viliisha akiwa na baba na mama. Kisha ugonjwa ukaingia, ukamchukua kaka yangu, ukarudi ukamchukua na mkewe. Mujuni akabaki na kibanja, yaani migomba na kahawa ya ukoo pamoja na makaburi yetu yaliyomo ndani yake, na akabaki na miguu yake. Miguu hiyo, jamani! Hata mimi nisiyejua kitu nilikuwa naacha kufua nimtazame.

Miguu hiyo ilionwa na Niko, kijana wa Australia aliyekaa Muleba akitandaza mabomba ya maji. Siku za mapumziko alicheza na vijana wetu. Alipoaga alisema baba yake ni mwenyekiti wa klabu kule kwao, kwamba wachezaji wanalipwa, na kwamba Mujuni akitaka, nafasi ipo. Tulipoondoa matanga ya mama yake Mujuni, ukoo ukaketi. Ta Kaijage, baba yetu mdogo ambaye ndiye mkuu wetu, alikuwa amekasirika.

"Kibanja hakiachwi kiwe pori kwa ajili ya kukimbiza mpira," akasema. "Gonza, wewe unakwenda huko. Uutazame huo mpira kwa macho yako. Ukirudi utuambie kitu kimoja tu, unamlisha mtu au haumlishi. Tutaamua kwa neno lako."

Basi, mzigo ukawa wangu.

Siku ya kuondoka Bukoba, nilipita kwanza kwenye duka la Mhindi mmoja, kati ya wachache waliobaki mjini, nikanunua koti zito. Niko alikuwa ameonya kwamba mwezi wa saba kwao ni baridi. Kwenye sanduku nilifunga kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani yenye harufu nzuri kisha tukaianika, nikaizungushia majani makavu ya mgomba. Kwetu huzungumzi habari ya mtoto wa mtu kabla ya kutafuna kahawa na mwenyeji. Ningekwendaje mikono mitupu?

Mujuni alinibebea sanduku mpaka bandarini. Meli ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza aliponivuta kando.

"Shangazi," akasema, "wao wamekutuma kuangalia mpira. Mimi niangalizie na kitu kingine."

"Kitu gani, baba?"

"Niangalizie kama watu wa huko wanazeeka."

Nilitaka kumkemea, nikajizuia. Alikuwa amewazika wazazi wake, na timu aliyochezea ilikuwa imepungua mpaka wakawa wanaazima wachezaji kijiji cha jirani. Nilimwambia sawa, nikapanda meli, nikasimama ukingoni mwa meli nikilia kama mtoto.

Mwanza nilipanda treni. Dar es Salaam nilipanda ndege, na kuhusu ndege sisemi mengi, maana niliisali rozari tangu ilipoinuka mpaka ilipokaa.

Melbourne, uwanja wa ndege. Hapo ndipo nilipopata aibu ya kwanza. Afisa alifungua sanduku langu, akalitoa furushi langu la kahawa kwa vidole viwili, akalinusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni heshima," nikamjibu, kwa sababu Kiingereza cha kueleza zaidi kilinikimbia.

Akasema mbegu na majani haviingii nchini mwao, akatumbukiza furushi zima kwenye pipa. Mawe, mama yangu wee! Heshima ya ukoo mzima iko kwenye pipa la taka, na mimi sijafika hata mlangoni!

Jumamosi, Sista Joan, muuguzi mwenyeji wangu, alinipeleka mpirani. "Ukitaka kujua mpira wa Australia, lazima uone huu," akaniambia. Loo! Nimezaliwa kando ya ziwa kubwa, najua kitu kikubwa kinavyoonekana, lakini uwanja ule uliniziba pumzi. Watu walipanda ngazi kwa ngazi mpaka wa juu kabisa wakaonekana kama senene ukutani. Waliponguruma, niliusikia mngurumo tumboni kabla haujafika masikioni.

Ila mpira wenyewe! Mviringo wake umerefuka kama papai. Wanaushika mkononi, wanaupiga ngumi, mtu anampanda mwenzake mabegani kuudaka angani, na refa anatazama tu. Golini hakuna wavu, kuna nguzo nne, na kati yake amesimama mwanamume mwenye kofia na koti jeupe kama daktari wa zamu. Mpira ukipita, anajinyoosha, anaonyesha vidole, kisha anapunga bendera. Niliuliza kama ni daktari kweli, Sista Joan akacheka hadi akamwaga chai. Niliupenda ule wazimu, siwezi kudanganya. Nikauliza, "Na ule mwingine, wa kwetu, wa miguu?"

"Ah, soka," akasema. "Huo ni wa wahamiaji. Kwa huo utakwenda na Niko kesho."

Jumapili Niko alikuja kunichukua kwa gari lililojaa mabomba. Tukafika kwenye uwanja mdogo pembeni ya mji, kati ya viwanda. Kabla sijaona chochote, pua yangu iliona mishikaki. Langoni palikuwa na moshi, akina mama wanauza vyakula, watoto wanafukuzana, wazee wanabishana kwa lugha nisiyoijua. Nikahisi nimefika kwa watu. Niko alinieleza kwamba hawa ni Wagiriki waliotoka kisiwa kimoja, wakafika Australia maskini, wakaanzisha klabu na kuipa jina la kisiwa chao. Klabu ile pale ni ya Waitalia, ile nyingine ya Wakroati. Wanacheza ligi ya taifa, ndiyo, ligi ya juu kabisa.

Alinipeleka kwa baba yake, Mzee Stavro, aliyeketi kwenye chumba cha klabu. Nilimwona mvi zile, nikafanya kama nilivyolelewa, nikapiga magoti kumwamkia. Chumba kizima kikaruka! Walidhani nimezirai. Mmoja akaleta maji, mwingine akaanza kunipepea kwa gazeti. Niko akawaelezea kwa Kigiriki huku akifa kwa kicheko. Mzee Stavro hakucheka. Alininyanyua kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti chake.

Mchezo ulipoanza nilielewa kwa nini Niko alimpenda Mujuni. Walicheza vizuri, na mmoja wao, Toni, alinitoa machozi. Alifunga goli la kwanza kwa kichwa na la pili akiwa ameanguka. Wazee walikumbatiana, wakapigana mabusu, wakatukana mbingu kwa furaha. Nikajisemea moyoni, huyu Toni lazima analala kwenye kitanda cha dhahabu.

Jumatatu asubuhi, hospitalini kwenye mafunzo, sinki la wodi lilikuwa limeziba. Fundi akaitwa. Nikaona miguu miwili imetokeza chini ya sinki, kisha mtu mzima akatoka kinyumenyume, uso una tope. Alikuwa Toni.

"Wewe si ulifunga magoli jana?" nikapiga kelele.

"Mawili," akasema, akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Sasa unafanya nini huku chini?"

"Nafanya kazi, mama. Mpira ni Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumapili. Siku nyingine nyumba inataka kodi."

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mchezaji wa ligi ya juu ya taifa zima, na bado anazibua masinki! Lakini alivyokuwa akifuta mikono, akiimba, sikuona mtu aliyeonewa. Alinishangaza zaidi ya uwanja ule wa Jumamosi.

Kabla ya kurudi nilimwomba Niko anipeleke tena kwa baba yake, tuzungumze kwa dhati. Mzee Stavro alitaka kuanza mara moja, nikamzuia. Nikamweleza kuhusu kahawa iliyotupwa kwenye pipa, na kwamba bila hiyo sina kinywa cha kuzungumzia mtoto wa kaka yangu. Alinisikiliza kwa makini. Akaenda jikoni alikokuwa na birika lake dogo la shaba lenye mkono mrefu, akarudi na kopo la kahawa iliyokaangwa, isiyosagwa bado.

"Hii inafaa?" akauliza.

Haikuwa kama yetu, ilikuwa chungu kama kwinini, lakini tuliitafuna, yeye na mimi, tukikunjiana nyuso.

"Sasa nitakuambia ukweli," akasema, Niko akitafsiri. "Usimlete kwa ajili ya fedha. Mpira huu haulishi mtu. Na wakubwa wa soka wanataka tufute jina la kisiwa chetu. Wanasema majina yetu yanawafukuza Waaustralia, kwamba kesho itakuja ligi safi, wachezaji wa mshahara kamili, viwanja vinajaa. Huenda ni kweli. Huenda watajenga nyumba nzuri juu ya msingi wetu na sisi tusikaribishwe ndani."

"Basi aje kufanya nini?"

"Atalala kwangu. Atajifunza ufundi bomba kwa Niko. Jumapili atacheza, na sisi tutamtukana akikosa goli, kama tunavyowatukana watoto wetu."

Nikageuka kuwatazama wale "sisi". Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kingine nilichotumwa. Chumba kilijaa wazee! Wenye upara, wenye mikongojo, wasiosikia, wakicheza karata kwa kelele, na kando yao wana wao wenye vitambi, na wajukuu chini ya meza. Kule kwetu nilikuwa nimezoea nyumba zenye bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya goli. Mzee Stavro akanifuata, akanipa jezi yenye jina la kisiwa chao kifuani. "Chukua kabla hawajalifuta," akasema.

Ijumbi, Jumapili moja baada ya kurudi. Ukoo uliketi sebuleni kwa Ta Kaijage, nyasi mpya zimetandikwa sakafuni. Niliamkia kwa magoti, na safari hii hakuna aliyeniletea maji.

"Haya, mwanangu. Unamlisha mtu au haumlishi?"

"Haumlishi, Tata." Nikawaeleza yote, hata Toni na sinki lake.

Ta Kaijage akapiga paja. "Basi yamekwisha!"

Mujuni aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, polepole, "Na lile langu, Shangazi?"

"Lipi hilo?" Ta Kaijage akataka kujua.

Nikawaambia alichoniomba bandarini. Nikatazama sebule ile: Ta Kaijage na wake wa ndugu zake, vijana, watoto. Wa rika la kaka yangu nilikuwa mimi peke yangu.

"Wanazeeka, mwanangu," nikasema. "Wanazeeka mpaka wanagombania viti."

Ta Kaijage akauliza, "Ni wengi?"

"Wamejaa chumba, Tata."

"Na kibanja?"

"Nitahamia mimi kutoka Nshambya. Nitakwenda kazini kutokea huku."

"Mwanamke harithi kibanja."

"Sirithi. Napalilia. Mwenyewe atakuwa safarini."

Ta Kaijage alishika kifurushi cha kahawa kilichokuwa mbele yake, akakifungua. Kila mtu alingoja achukue yeye kwanza, kama siku zote. Akamnyooshea Mujuni.

Huu ni mwaka wa ngapi sijui napalilia migomba hii. Niko alishughulikia karatasi za safari, Mujuni akaenda na ile jezi niliyomletea, akacheza, akawa fundi bomba. Jina la kisiwa lilifutwa kweli. Ligi ya mshahara kamili nayo ilikuja, na klabu ya Mzee Stavro haikuitwa, ingawa Mujuni anasema wazee waliobaki bado wanatukana mbingu kila Jumapili. Mpira wa Australia utafika wapi, mimi siwezi kusema. Nilijifunza tu kwamba watu wanaweza kuubeba miaka na miaka bila wenyewe kushiba, kwa sababu unawakusanya chumba kimoja.

Wiki iliyopita ilifika picha yake akiwa amevaa ile jezi kuukuu, imembana tumboni. Niliipeleka kibanjani, kwenye kaburi la kaka yangu, nikapiga magoti.

"Tazama," nikamwambia. "Mwanao ameota mvi."